SOMO: KWA NINI AKILI INAWAZA BILA KUPUMZIKA, NA NAMNA YA KUITULIZA

Masomo ya kusoma nyumbani: 1 Wafalme 18 na 19, Mathayo 6:25-34, Wafilipi 4:4-9.



Katika somo hili tunataka kusema juu ya mzigo ambao wengi wetu tunaubeba usiku, wakati nyumba yote imelala. Mtu yuko kitandani, mwili umechoka, lakini kichwa kinaendelea kutembea. Anahesabu madeni. Anakumbuka neno ambalo shemeji yake alimwambia siku ya matanga. Anajiuliza kama mtoto aliye safarini amefika. Akimaliza, anaanza tena mwanzo. Sisi hatuhitaji jina gumu kwa jambo hili. Tunasema tu: "Ana mawazo." Na kila mtu anaelewa kwamba hatusemi juu ya kufikiri kwa kawaida, bali juu ya mawazo yanayomla mtu.

Tunaanza kwa kuungama kosa letu. Mama mmoja alitujia baada ya ibada, akasema usingizi umemkimbia tangu majuma mengi. Sisi tulimjibu haraka: "Mama, acha kuwaza, omba tu, uwe na imani." Akaitika, akaenda. Siku chache zikapita, akarudi, na sasa alikuwa na mizigo miwili: mawazo yake ya kwanza, na wazo jipya kwamba yeye ni mtu asiye na imani. Sisi ndio tuliomwongezea mzigo wa pili. Kwa sababu hiyo tulijifunza jambo hili upya, katika Maandiko na katika kazi ya watu wa elimu, na hapa tunawaletea tulichokipata.

1. NABII NAYE ALIKUWA NA MAWAZO

Tufungue 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kushinda vita kubwa juu ya mlima Karmeli. Lakini Yezebeli anamtumia neno la kutisha, na mtu yule ambaye hakuogopa manabii mia nne na hamsini wa Baali anakimbia kuokoa maisha yake. Anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anaingia jangwani peke yake, anaketi chini ya mti na kuomba afe.

Tuangalie vizuri mambo mawili. La kwanza: alipofika Horebu na kuulizwa habari zake, Eliya alilia kwamba amebaki peke yake na kwamba wanamtafuta wamwue. Hiyo ni katika mstari wa 10. Kisha ukapita upepo, tetemeko na moto, ikaja sauti ndogo, akaulizwa mara ya pili. Naye akajibu nini? Someni mstari wa 14. Ni maneno yale yale! Alikuwa ameona mambo makubwa namna ile, lakini katika kichwa chake habari ilikuwa bado inazunguka palepale.

La pili: je, ilikuwa kweli kwamba amebaki peke yake? Turudi katika sura ya 18, mstari wa 13. Obadia alikuwa amemwambia kwa kinywa chake kwamba ameficha manabii mia moja katika mapango na kuwalisha. Eliya aliisikia habari ile kwa masikio yake. Lakini mawazo yalipomjaa, habari njema haikuonekana tena. Mawazo mengi hufanya hivyo: yanamwonyesha mtu hatari zote, yanamfichia msaada wote.

Basi asiwepo mtu wa kusema kwamba mwenye mawazo ni mtu wa imani ndogo. Eliya hakuwa mtu wa imani ndogo.

2. KWA NINI AKILI INAZUNGUKA

Mungu alimpa mwanadamu akili ya kuona mbele. Mkulima anafikiri juu ya mvua kabla haijanyesha. Mama anaweka akiba ya unga kabla debe halijaisha. Bila zawadi hii tungekufa njaa. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4 tu, lakini unatumia karibu sehemu 20 katika 100 za nguvu ambazo mwili unatumia ukiwa umepumzika. Haulali kazi.

Katika mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake huko Marekani walionyesha jambo la kushangaza. Mtu akiwa hana kazi mkononi, ametulia tu, ubongo wake hauzimiki. Kuna sehemu zake zinazoanza kufanya kazi zaidi, nazo ni zile zinazohusika na kukumbuka yaliyopita, kuwazia yatakayokuja, na kujiangalia mwenyewe kati ya watu. Ndiyo sababu mawazo hayatusumbui sana tunapolima au tunapouza sokoni. Yanangoja tulale. Usiku hakuna kazi ya mikono, hakuna mtu wa kusema naye, na mwili uliochoka hauna nguvu ya kupima jambo.

Tena mwili unaamini kile ambacho akili inauambia. Ukiwazia usiku kwamba mwenye deni anakuja kukuaibisha mbele ya majirani, moyo unapiga mbio kana kwamba amekwisha kufika mlangoni. Damu inapokea homoni za hatari, adrenalini na kortisoli. Misuli inakaza, tumbo linasokota. Kisha akili inaona mwili umeshtuka, nayo inasema: "Kumbe kweli kuna hatari!" Inaongeza kuwaza. Hivyo hofu ya mwili na mawazo ya kichwa vinalishana.

Sasa tutatofautishaje kufikiri kwema na kuzunguka? Tuchukue mfano wa jiwe la kusagia. Likipewa nafaka, linatoa unga. Likizungushwa bila nafaka, linajisaga lenyewe. Mawazo mema yanaishia katika hatua moja: "Kesho nitakwenda kumwona fulani." Mawazo yanayozunguka yanaishia pale yalipoanzia: "Kwa nini mimi? Kwa nini sikusema? Watu watanionaje?" Ukiona umeuliza swali moja mara ya kumi bila jibu jipya, ujue jiwe halina nafaka.

Mwanamke mmoja mwenye elimu, Susan Nolen-Hoeksema, alilichunguza jambo hili huko California. Alikuwa amewauliza wanafunzi juu ya desturi zao za kuwaza wanapohuzunika, na siku chache baadaye, tarehe 17 Oktoba 1989, likaja tetemeko kubwa la ardhi. Akawauliza tena. Wale waliokuwa na desturi ya kuzungusha huzuni kichwani ndio waliozidi kuumia moyoni, hata majuma saba baada ya tetemeko. Sisi wa Kongo, tulioona moto wa Nyiragongo ukishuka katika mwaka 2002 na tena 2021, na vita vingi kati ya hapo na baada yake, tunaelewa. Msiba wenyewe ni mzigo. Kuuzungusha usiku na mchana ni mzigo wa pili juu yake.

3. KWA NINI "ACHA KUWAZA" HAISAIDII

Hapa tuliona wazi kosa letu kwa mama yule. Katika mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia wanafunzi huko Texas: kwa dakika tano, msiwaze juu ya dubu mweupe, yule mnyama mkubwa wa nchi za barafu, na wazo lake likija, mgonge kengele. Kengele ziligongwa mara kwa mara. Tena waliporuhusiwa baadaye kumwaza dubu huyo, walimwaza zaidi kuliko wenzao ambao hawakukatazwa mwanzoni.

Sababu yake si ngumu. Ili kuhakikisha kwamba huwazi jambo fulani, lazima akili ilinde mlango, ikiuliza kila wakati: "Je, limekuja?" Na kwa kuuliza, imekwisha kulileta. Basi mtu akikuambia "ondoa mawazo", amekupa kazi isiyowezekana. Na ukishindwa, unajilaumu. Bwana hakumwambia Eliya "acha kuwaza". Hata mara moja.

4. NJIA AMBAYO BWANA ALIMPITISHA ELIYA

Tuisome sura ile polepole tuone mpango wake. Tunahesabu hatua tano.

a) Mwili kwanza. Malaika hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale, akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Hapa tunasema neno kwa upendo na kwa uwazi. Mkesha ni mwema na kufunga ni kwema, lakini mtu ambaye hajapata usingizi siku tatu asiongezewe mkesha. Mtu ambaye anatetemeka kwa kukosa chakula asiongezewe siku za kufunga. Mpeni uji. Mpelekeni alale. Wengine wakeshe kwa ajili yake.

b) Pumzi ya polepole. Mtu mwenye hofu anapumua haraka na juu juu. Mtu mzima kwa kawaida hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Katika mwaka 2001 waganga wa Italia pamoja na Luciano Bernardi walipima watu waliokuwa wakisali rozari kwa sauti. Wakaona pumzi zao zimeshuka hata karibu 6 kwa dakika, na moyo ukafuata mwendo huo wa utulivu. Nasi tunaweza kufanya hivyo. Keti, vuta pumzi polepole kwa pua, kisha itoe polepole zaidi kuliko ulivyoivuta. Omba sala fupi, neno moja wakati wa kuvuta, neno moja wakati wa kutoa. Au imba wimbo wa taratibu. Dakika tano zinatosha kuanza. Kuna kuomba kunakotuliza, na kuna kuomba ambako ni kuwaza tu mbele za Mungu, mtu akirudia hofu zake kwa haraka mpaka anatoka amechoka zaidi. Tujipime.

c) Kusema na kusikilizwa. Eliya aliulizwa mara mbili, akasema maneno yale yale mara mbili, na hakukaripiwa. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ndugu zetu wa Zimbabwe wanaita ugonjwa huu kufungisisa, maana yake ni kuwaza kupita kiasi, sawa na sisi tunavyosema. Mganga mmoja wa akili huko, Dixie Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake kijana aliyejiua. Familia haikuwa na dola 15 za nauli ya kumfikisha hospitalini. Kwa uchungu ule, katika mwaka 2006 alianza kazi na nyanya 14 huko Mbare, mtaa wa Harare. Waliweka benchi ya mbao nje ya kituo cha afya. Mtu mwenye mawazo anaketi na nyanya, anafungua moyo, wanachagua shida moja kati ya zote, wanatafuta hatua moja ya kuifanyia. Matokeo yalitangazwa katika mwaka 2016, baada ya kufuata watu 573 katika vituo 24. Miezi sita ilipopita, kati ya waliopata huduma ya benchi, watu karibu 14 katika 100 walikuwa bado na dalili za huzuni kuu. Kati ya wenzao waliopewa huduma ya kawaida, walikuwa karibu 50 katika 100. Nyanya hawa hawakuwa waganga. Walifundishwa kusikiliza na kufuata mpango.

Je, benchi tunakosa kanisani kwetu? Nyanya tunakosa?

d) Kulipima wazo kwa kweli. Eliya alisema: mimi peke yangu. Bwana akamjibu kwa hesabu: wamebaki elfu saba. Hakumwambia kwamba hatari haipo, kwa maana Yezebeli alikuwepo kweli. Alimsahihisha pale tu wazo lilipokosea.

Hapa kwetu Kivu walifundishwa njia ya namna hii akina mama walioumizwa na jeuri ya vita. Walikutana kwa vikundi, wakiongozwa na wasaidizi Wakongo, wakajifunza kulishika wazo moja, kwa mfano "kosa ni langu", na kuliuliza: una ushahidi gani? Wengi hawakujua kusoma, basi mafundisho yakarahisishwa wayashike kwa kichwa. Habari yao ilitangazwa katika mwaka 2013. Miezi sita baada ya mafundisho, walioonekana bado na huzuni kuu au hofu kuu walikuwa 9 katika 100. Kati ya wenzao walioshauriwa mmoja mmoja bila mafundisho hayo, 42 katika 100. Akina mama hawa walikuwa wamepita mahali pagumu kuliko wengi wetu. Walipona wakiwa papo hapo vijijini kwao.

Basi wazo likija usiku, tuliulize: Je, hili ni jambo lililotokea, au ni jambo ninaloliogopa? Nani aliniambia? Je, nimesahau Obadia wangu, yule aliyenipa habari njema?

e) Kazi ndogo, na mwenzako wa njiani. Bwana alimpa Eliya njia ya kurudi na majina ya watu wa kutia mafuta. Na mmoja wao, Elisha, akawa mwenzake mpaka mwisho. Aliyemwacha mtumishi wake nyuma alipewa mtu wa kutembea naye. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa sisi, hatua hii inaweza kuanza na karatasi. Katika mwaka 2018 watu wa elimu huko Texas waliwaomba vijana 57 waandike kwa dakika tano kabla ya kulala. Walioandika kazi zinazowangoja walipata usingizi mapema kuliko walioandika kazi walizokwisha kumaliza. Akili inapoona jambo limewekwa mahali, inalegeza mkono. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wake aandike, au ahesabu kwa vidole: kesho moja, mbili, tatu.

Tena, tangu mwaka 1983, Thomas Borkovec na wenzake walifundisha watu kuyapa mawazo saa yake. Chagua nusu saa mchana, mahali pamoja, kila siku, lakini si kitandani. Wazo likija usiku, usilifukuze wala usilikaribishe. Liambie: "Nimekusikia, saa yako ni kesho." Ndugu, hii haiko mbali na mafundisho ya Bwana katika Mathayo 6, kwamba kila siku iachiwe taabu yake.

5. WAKATI WA KUTAFUTA MGANGA

Kuna mawazo ambayo hayaishi kwa ushauri tu. Mtu akikaa majuma mawili na zaidi bila usingizi mzuri, bila hamu ya chakula wala ya kazi. Akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Au akisema kwamba afadhali afe, tusingoje. Tusimwache peke yake hata usiku mmoja, na tumpeleke hospitalini. Masista na mafrere wamefanya kazi hii miaka mingi katika nchi yetu. Huko Goma hospitali ya wagonjwa wa akili ilipewa jina Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME, Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain. Mahali ambapo hakuna hospitali ya namna hiyo, tuanze na kituo cha afya kilicho karibu. Dawa ya mganga na maombi ya kanisa havipigani. Malaika naye alileta mkate uliookwa motoni. Hakudharau msaada wa mwili.

Na jambo moja zaidi, wazee wa kanisa mtusikilize. Mtu mwenye mawazo asiambiwe kwamba amelogwa na mtu wa jamaa yake. Neno hilo haliondoi hofu. Linampa adui wa kumwaza usiku kucha, na linavunja nyumba ambayo ingemshikilia. Tumeona nyanya wakifukuzwa, watoto wakipigwa, na mgonjwa hakupona.

6. TULIVYOMALIZA NA MAMA YULE

Aliporudi mara ya pili, tulijifunza kunyamaza. Tulimpa kiti, chai na mkate. Alisema kwa muda mrefu, akarudia, tukamwacha arudie. Mwishowe likatoka jambo lenyewe: alikuwa amekula pesa ya likelemba kwa ajili ya ugonjwa wa mtoto, na zamu ya dada mwingine ilikuwa inakaribia. Kila usiku alijiona anaitwa mwizi mbele ya watu. Tulimwuliza: "Nani amekuita mwizi?" Akafikiri, akasema: "Bado hakuna." Tulikwenda naye kwa mama mkubwa wa likelemba. Walimsikiliza, wakampa miezi mitatu ya kulipa kidogo kidogo. Deni halikufutwa. Lakini juma lile alilala usiku mbili nzima, na baada yake zikaongezeka.

Hakuacha kuwaza. Alipata mahali pa kuweka mawazo yake.

MASWALI YA KUONGEA KATIKA VIKUNDI

1. Ni wazo gani linalorudi kwako kila usiku? Je, linaishia katika hatua, au linaishia pale lilipoanzia?
2. Ni habari gani njema ambayo Obadia wako alikuambia, nawe umeisahau?
3. Katika kusanyiko letu, nani anaweza kukaa kwenye benchi na kusikiliza bila kukaripia na bila kutangaza siri?
4. Je, kuna ndugu ambaye tulimwongezea mzigo kwa neno letu la haraka? Tutakwenda kwake lini?

Bwana atusaidie kusikia sauti ndogo katika makelele ya vichwa vyetu, naye atufanye kuwa mkate na maji kwa wenzetu waliokaa chini ya mti. Amina.